Kuandamana Kuhusu Sheria ya Bunduki, Mikono Mitupu

Acha bunduki nyumbani. Hata kama unaimiliki kihalali na leseni unayo mfukoni, siku ya maandamano iache kwenye sefu yake. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma, ila kwa amani na bila silaha. Ukibeba silaha umeitupa haki hiyo mwenyewe, na hakuna atakayesikiliza ulichokuja kusema.

Mimi ni mfugaji huku Laikipia na nina duka la dawa za mifugo. Jioni mtu hufunga duka na pesa za mauzo mkobani, akavuka vichaka hadi bomani kwake, na wanaomvizia wana bunduki zisizo na leseni yoyote. Ndiyo maana nataka mwananchi mwadilifu aweze kupata leseni kwa utaratibu unaoeleweka. Na kwa kuwa nataka sheria ibadilike, nalazimika kuidai kwa njia ya sheria. Haya ndiyo mambo ninayomwambia kila anayeniuliza jinsi ya kuitisha kikundi kidogo cha watu kuhusu jambo hili.

Amueni mnachoomba, na kiwe kimoja au viwili tu. Mkisema "sheria ya bunduki ni mbaya", mtajibiwa kwamba bunduki zinaua, na mazungumzo yameishia hapo. Isomeni kwanza Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Inasema anayepewa cheti cha kumiliki bunduki awe na sababu ya kutosha, asiwe mlevi wala mwenye maradhi ya akili, na asiwe hatari kwa usalama wa umma. Katika hayo sipingi hata moja. Ninachotaka kibadilike ni namna ya kuamua kama sababu ya mtu inatosha. Sisi tuliomba mambo mawili: anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi ndani ya siku 30, na umbali kati ya makazi yake na kituo cha polisi uhesabiwe katika kupima ombi lake. La kwanza lina mizizi kwenye Kifungu cha 47 cha Katiba, kinachompa haki ya kuandikiwa sababu mtu yeyote ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala. Ombi lenye kifungu nyuma yake ni vigumu kulipuuza.

Kisha mjue mnampelekea nani. Watu wengi hukimbilia kwa gavana, lakini usalama na leseni za bunduki ni kazi ya serikali ya kitaifa, na bunge la kaunti haliwezi kubadilisha hata nukta ya sheria hii. Mlango wenu ni Bunge la Kitaifa. Mashinani, simameni karibu na ofisi ya Naibu Kamishna wa Kaunti au ofisi ya mbunge wenu.

Sasa barua ya polisi, na hapa nawaomba msiwe na haraka. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka mwenye kuitisha mkutano wa hadhara au maandamano amwarifu mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya siku 14. Mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Barua itaje majina kamili ya mwandalizi na mahali anapoishi, tarehe na saa, na uwanja au njia mtakayopita. Hiyo ni taarifa, si ombi la ruhusa, kwa hiyo usiandike "naomba kuruhusiwa". Yangu huwa hivi:

"Kwa Mkuu wa Kituo. Mimi, fulani bin au binti fulani, mwenye kitambulisho nambari hii, ninayeishi mahali hapa, ninakuarifu kwamba tutafanya mkutano wa hadhara siku ya Jumanne, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, ng'ambo ya barabara mbele ya ofisi ya Naibu Kamishna wa Kaunti. Tutakuwa watu wasiozidi ishirini. Hatutafunga barabara wala lango. Hakuna atakayebeba silaha ya aina yoyote. Nitakuwepo mwanzo hadi mwisho."

Sentensi mbili za mwisho zina uzito wake. Sheria yenyewe inamtaka mwandalizi au mwakilishi wake awepo muda wote na asaidie kudumisha utulivu. Peleka barua kwa mkono, ikiwa na nakala mbili. Omba nakala yako ipigwe muhuri na iandikwe tarehe na saa, na uhakikishe taarifa yako imeingizwa kwenye daftari, kwa sababu sheria inataka liwepo daftari la taarifa hizo. Ukiambiwa kuna kundi lingine lililotangulia kutoa taarifa ya mahali hapo na saa hiyo, chukua jibu hilo kwa maandishi, badilisha siku, andika upya. Zungumza na afande kwa heshima. Siku yenyewe utamhitaji.

Siku ya soko la mifugo muiepuke. Najua inavutia, maana watu wamejaa na kila mtu atawaona. Lakini umati ule hamkuualika, na kijana mmoja akirusha jiwe, jiwe hilo litaandikwa jina lenu. Tangu Juni 2024, watu walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha na wengine wakapoteza maisha, kila mkusanyiko hapa nchini unatazamwa kwa wasiwasi. Kikundi kidogo ambacho kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina ni salama zaidi kuliko umati wa watu msiowajua.

Mavazi yawe ya kawaida, ya kwendea kanisani, msikitini au kazini. Nguo zinazofanana na za jeshi msizivae kabisa. Marekani, baada ya mauaji ya Virginia Tech ya Aprili 2007, wanafunzi waliodai kuruhusiwa kubeba bastola vyuoni walianza kwenda darasani wakiwa wamevaa ala tupu kiunoni, yaani mfuko wa bastola usio na bastola ndani. Ni njia ya busara kule kwao, na imewahi kupendekezwa kwetu pia. Mimi niliikataa na bado naikataa. Askari aliye mita thelathini hawezi kujua kama ala ile ni tupu, na sitaki mtu yeyote afe kwa sababu ya ngozi iliyoshonwa.

Kwa sisi wafugaji kuna jambo jingine. Mzee mmoja alifika na rungu lake, kama anavyofika kila mahali. Nikamwambia, "Mzee wangu, leo hilo libaki dukani." Akanijibu, "Mama, hili nimelishika tangu nikiwa moran. Si silaha, ni mkono wangu." Nikamweleza kwamba sheria inakataza silaha za kudhuru kwenye mikutano ya hadhara, na kwamba picha moja ya rungu ndiyo itakayotoka gazetini, ombi letu lisitajwe. Alinyamaza, akaniangalia, kisha akaenda mwenyewe akaliweka nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Sime, panga na fimbo pia zilibaki huko. Teueni mtu wa kukagua jambo hili kabla hamjatoka, na awe mtu ambaye wazee wanamheshimu.

Mabango nayo yasiwe na mpini wa mti, kwa sababu hiyo hiyo. Karatasi ya manila na maka peni nyeusi zinatosha. Mtu ashike kwa mikono miwili, na mikono yote ionekane. Herufi ziwe kubwa za kusomeka kutoka ndani ya matatu inayopita. Msichore bunduki. Tuliandika "TUNATAKA SABABU KWA MAANDISHI" na "MHALIFU HAOMBI LESENI". Kuna aliyetaka kuandika "Bunduki kwa wote". Tulimkatalia, kwani hatuombi hivyo.

Watu watawasimamisha na kuwauliza, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Mama mmoja aliyezika kijana wake baada ya uvamizi wa wezi wa mifugo aliniuliza kama nataka kuongeza bunduki katika nchi iliyojaa bunduki. Nilimpa kiti. Nilimwambia ninaunga mkono kukusanywa kwa bunduki haramu, na nilimweleza habari za Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, Septemba 21, 2013, siku magaidi walipovamia: walikufa watu 67, lakini miongoni mwa walioingia mapema kuokoa walikuwa raia wenye leseni, akiwemo Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa. Hakukubaliana nami, na sikumlazimisha. Msibishane na aliyefiwa. Mchague mmoja tu wa kuzungumza na wanahabari, awe amelikariri ombi neno kwa neno.

Na msitawanyike bila kukusanya saini. Ombi kwa Bunge linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa kupigwa chapa, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Liseme kama mmeshajaribu kutafuta suluhisho kwingine na mkajibiwa nini, na kama jambo hilo liko mahakamani. Limalizike kwa kutaja waziwazi mnachotaka Bunge lifanye. Kila anayetia saini aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Asiyeandika atie kidole gumba, kwa hiyo bebeni kidau cha wino na kitambaa cha kupangusia. Likiwa na karatasi zaidi ya moja, kila karatasi itaje jambo linalohusika, la sivyo saini za ukurasa wa tatu zinaweza kuonekana ni za jambo jingine.

Mkimaliza saa mliyoandika kwenye barua, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama kamera ndiyo kwanza zinafika. Okoteni karatasi zenu. Mwambieni afande mmemaliza na mumshukuru.

Ombi lipelekwe kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, na nakala kwa mbunge wenu. Likishasomwa bungeni, kamati husika huwekewa siku za kutoa ripoti. Andikeni tarehe zinapoishia mahali mtakapoiona kila siku. Yangu iko ukutani kando ya kalenda ya chanjo. Siku hizo zikipita kimya, andikeni barua ya pili, mkiambatisha nakala ya kwanza yenye muhuri, na mmpigie mbunge simu wiki hiyo hiyo.