Somo: Safari ya vitambaa, Nakuru hadi Kisumu na kurudi kupitia Eldoret

Wenzangu wa sindano, hamjambo. Tangu tuanze kushona mifarishi ya viraka, swali la wapi pa kununua kitambaa haliishi. Maduka yapo tele. Kinachowarudisha watu nyumbani mikono mitupu, au na begi la vitenge visivyotosha kitu, ni kutoka bila vipimo. Basi somo linaanzia mezani, barabara itafuata.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kujaza mafuta

Tuchukue mfarishi wa kitanda cha futi 4 kwa 6, maana ndicho wengi wetu tunacho.

Anza na mgongo, yaani upande wa chini wa mfarishi. Mimi napenda doti moja ya leso, yaani leso mbili zilizoungana. Leso moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Zitenganishe, kisha ziunge kwa ubavu mrefu, upate kitambaa cha karibu sentimita 220 kwa 150. Huna haja ya kutafuta kitambaa kipana cha bei ghali.

Sasa uso, yaani upande wa juu. Kata viraka vya inchi 6 kwa 6. Ukishona kwa mshono wa robo inchi kila upande, kila kiraka kinabaki inchi 5 na nusu. Panga 10 kwa upana na 15 kwa urefu: viraka 150, uso wa inchi 55 kwa 82 na nusu, yaani takriban sentimita 140 kwa 210. Mgongo utazidi uso kwa karibu sentimita 5 kila upande, na hiyo ziada ndiyo utakayoikunja kuja mbele iwe pindo. Hununui kitambaa kingine cha pindo.

Kitenge cha upana wa inchi 45 kinatoa viraka 7 kwa upana, na yadi moja inatoa safu 6. Hivyo ni viraka 42 kwa yadi, na 150 vinapatikana ndani ya yadi 4. Lakini nani anataka mfarishi wa rangi moja? Tena wauzaji wengi wa vitenge hawakati. Wanauza pisi nzima ya yadi 6. Ndiyo maana safari hii haifai kufanywa peke yako. Watu wanne garini wakinunua pisi tatu tu na kugawana, kila mmoja anapata yadi moja na nusu ya kila rangi. Hiyo ni viraka 63 mara tatu, 189 kwa jumla. Mfarishi umetosha na viraka 39 vimebaki vya mito. Mafuta pia mnachanga.

Andika hesabu hiyo kwenye karatasi uibebe. Simu itaisha chaji wakati muuzaji anakusubiri na mkasi mkononi.

Hatua ya 2: Chagua siku

Soko la Kibuye, Kisumu, hujaa Jumapili. Maduka mengi ya mjini nayo hufungwa siku hiyohiyo. Toka Nakuru Jumamosi alfajiri, ufanye maduka ya Kisumu mchana, ulale, uingie Kibuye Jumapili asubuhi, halafu Jumatatu uwe Eldoret. Ukikuta duka la Mwadventista limefungwa Jumamosi, usishangae. Maduka mengine nayo hufunga kidogo saa saba mchana kwa chakula, kwa hiyo hata wewe kula saa hiyo.

Hatua ya 3: Nakuru kwanza

Usidharau mji wako. Uzi, sindano, chaki na kitambaa cha rangi moja nunua hapa kabla ya kuondoka. Kitambaa cha rangi moja ndicho kinachotuliza macho katikati ya vitenge, na lazima ununue chote kwa siku moja, kutoka gora moja. Nyeupe ya maziwa ya gora hili si ile ya gora lijalo, hata kama muuzaji ataapa. Utaiona tofauti mfarishi ukishatandikwa, si dukani.

Na sema wewe ni fundi. Maduka mengi yana bei ya fundi, lakini hawakupi usipoitaja.

Hatua ya 4: Barabara

Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 180. Sehemu ya kuheshimu ni Salgaa na Sachangwan, kwa sababu ya mteremko na malori ya kwenda Uganda. Usishindane na lori linaloteremka. Mau Summit ingia kushoto uelekee Kericho, na malori mengi yatakuacha hapo yakielekea Eldoret. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, sababu nyingine ya kutoka mapema. Ukishateremka Awasi na Ahero, joto linakupokea. Vua sweta.

Hatua ya 5: Kisumu, na jinsi ya kupima kitambaa

Zunguka kwanza Oginga Odinga Street na vichochoro vyake bila kununua. Uliza bei, piga picha ya kitambaa ukiruhusiwa, nenda duka la pili na la tatu. Ukirudi la kwanza ukiwa unajua bei za jirani, maongezi yanabadilika yenyewe.

Hapa ndipo natumia muda mwingi, na nakushauri ufanye vivyo hivyo:

Geuza kitenge. Cha nta hasa, yaani kilichochapwa kwa nta (wax), kina rangi kali pande zote mbili, uso na mgongo karibu sawa. Kilichochapwa upande mmoja mgongo wake ni hafifu. Si kibaya kwa viraka, ila usikilipie bei ya nta.

Kisugue kati ya viganja kwa nguvu. Ukiona unga mweupe, hicho kimetiwa wanga kionekane kizito. Ukikifua kitalegea, na viraka vyake vitapinda vikivutwa na vya jirani.

Lowesha kona ya kitambaa cheupe cha mkononi, ukisugue juu ya rangi nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea. Kitenge kikichuja hapo dukani, kitachuja juu ya mfarishi wako wote.

Omba uzi mmoja wa ukingoni, utoke nao nje uuwashe. Pamba huungua upesi, hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Huhitaji kuogopa polista, ila usiichanganye na pamba kwenye uso mmoja: pasi inayonyoosha pamba itaikunjamanisha polista.

Mwisho, fungua pisi muihesabu wote. Uliza pia kama ni yadi au mita. Yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, na hiyo nusu mita ina viraka vyako.

Kibuye Jumapili ni kwa shiti na mashati ya mtumba. Mashati ya wanaume ya pamba yanatoa viraka vizuri mno vya mistari, na kitambaa kimeshafuliwa mara nyingi hivi kwamba hakitasinyaa tena. Shiti zenye ufumaji mzito sana ziache kama unashona kwa mkono. Sindano itakuumiza vidole.

Hatua ya 6: Rudi kwa njia nyingine

Kutoka Kisumu shika barabara ya Kakamega hadi Chavakali, kata kulia uende Kapsabet, kisha Eldoret. Ni njia ya milima na chai, usiiendeshe usiku.

Eldoret ndio mji wa nguo wa upande huu. Rivatex ipo hapo, kiwanda cha nguo kilichonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Kiwanda si duka, kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda, uulize kama siku hiyo wanauza rejareja. Ken-Knit nao hutengeneza mablanketi na nyuzi za kufuma, na blanketi jepesi ndilo ninaloweka katikati ya mfarishi. Linunue mwisho, maana linakula nafasi ya buti yote. Kisumu nayo ilikuwa na kiwanda chake, KICOMI, na pamba ya Busia na Siaya ilikuwa na pa kwenda. Kilifungwa, na sasa tunauziana vitenge vya kutoka mbali jirani na mashamba ya pamba. Hilo huniudhi kila nikipita, lakini si la somo hili.

Kutoka Eldoret ni Burnt Forest, Timboroa, Mau Summit, nyumbani. Timboroa ni baridi, rudisha sweta.

Maswali ya wanachama

*Molo: Sina gari. Matatu itafaa?*

Itafaa, dada, ila acha Eldoret. Nenda Kisumu na urudi kwa njia ileile. Beba begi la kufunga kwa zipu, na kitambaa kikae magotini, si juu ya gari wala karibu na kuku.

*Bondo: Mama mkwe anasema nikiloweka kitenge kwenye chumvi na siki rangi itashika. Ni kweli?*

Mheshimu mama, lakini hapana. Rangi iliyotoka kiwandani haishikwi na chumvi wala siki. Fua kila rangi kivyake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Ambacho hakiachi kuchuja kitengee matambara ya jikoni.

*Njoro: Mimi ni fundi wa suti. Masalio yangu yanaweza kutumika?*

Yanaweza, kaka, na tungeyanunua. Yatenge kwa uzito: ya suruali pamoja, ya bitana pembeni. Kitambaa kizito kikiunganishwa na chepesi, chepesi ndicho huchanika.

*Kakamega: Kwa nini tusifike Busia, vitenge vya mpakani si rahisi zaidi?*

Busia ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Kisumu, kwenda tu. Kwa pisi tatu, mafuta yatameza nafuu yote. Kikundi kikitaka robota zima, hapo sawa, lakini nunueni upande wetu na mchukue risiti. Kuvusha mzigo bila karatasi za forodha ni kujitafutia balaa.

*Nakuru: Nikiunga leso mbili, jina moja linapinduka. Nifanye nini?*

Unga pindo za juu katikati, ili jina moja likae miguuni na lingine kichwani. Kila moja litasomwa na aliyesimama upande wake. Ila soma jina kabla ya kununua, hasa kama mfarishi ni wa zawadi ya harusi. Kuna majina ya leso ambayo bibi harusi hatafurahi kuyalalia.