Namna ya kutambua kauri zilizotumika kama fedha na kukadiria umri wake

Tazama umbo la kauri, yaani gamba la konokono wa baharini, kabla ya rangi yake, kwa sababu rangi hufifia na umbo hudumu. Biashara kubwa ilibebwa na aina mbili. Monetaria moneta, ambayo kwa karne nyingi ilitoka kwa wingi visiwa vya Maldivi, ina vinundu ubavuni vinavyoifanya ionekane kama yenye pembe. Monetaria annulus, inayopatikana kwa wingi pwani ya Afrika Mashariki, ni laini kama yai na ina pete ya rangi ya dhahabu mgongoni. Pete ikifutika, au mgongo ukibanduliwa, vinundu ndivyo vinavyoamua.

Aina hutoa pia dokezo la kwanza la wakati. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kupeleka shehena za annulus kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, kwa hiyo rundo la huko lililojaa aina hiyo kwa kawaida ni la baada ya hapo. Kauri moja peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Tundu la kupitishia uzi ndilo linalohitaji subira zaidi. Mulika taa kutoka ubavuni, kisha chunguza ukingo kwa lenzi inayokuza mara kumi. Kauri iliyokaa sana kwenye uzi huwa imesuguliwa upande mmoja wa ukingo hadi ikawa laini na kung'aa kama jino, ilhali ukingo mkali na mweupe pande zote hunifanya nishuku kwamba ilitobolewa juzi. Mawimbi nayo hutoboa, lakini yakifanya hivyo hulifubaza gamba zima. Kumbuka kwamba mapambo yalitobolewa vilevile, na si kila mahali fedha hizi zilitungwa.

Kipimo cha kaboni, kinachokadiria umri wa vitu vilivyokuwa hai, hueleza konokono alikufa lini, wala si lini gamba lake lililipia kitu. Tena kaboni ya baharini hulifanya gamba lionekane la zamani kuliko lilivyo kwa miaka ipatayo 400 au zaidi, hivyo matokeo lazima yasahihishwe. Ndiyo maana tabaka la udongo na vitu vilivyofukuliwa pamoja nayo, kama shanga, vigae na sarafu, vina thamani kuliko kauri yenyewe. Viandike mahali vilipotoka kabla ya kuvigusa, uache udongo ulioganda ndani ya ufa wenye meno, na usisafishe kwa siki kamwe, kwa kuwa gamba ni chokaa na siki huiyeyusha pamoja na alama zote za uzi.