Ukitaka kuwa bingwa wa upasuaji Tanzania: utakavyofundishwa hospitalini na namna ya kujipanga

Madaktari wadogo wananiuliza sana wafanyeje ili wawe mabingwa wa upasuaji, kwa hiyo naandika kwa kirefu kidogo.

Njia kubwa ni mbili. Kuna MMed ya chuo, yaani shahada ya uzamili ya udaktari, mfano MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili, au KCMC Moshi, au Bugando Mwanza, hapo unakuwa mwanafunzi na rezidenti (daktari anayesomea ubingwa huku akihudumia wagonjwa) kwa pamoja na lazima uandike tasnifu. Halafu kuna COSECSA, chuo cha wapasuaji cha ukanda wetu kilichoanza 1999, makao yake Arusha, hiki hakina madarasa, unafundishwa kwenye hospitali waliyoipa kibali, baada ya miaka 2 ya mwanzo unafanya mtihani wa kwanza, na upasuaji wa jumla unakamilisha kwa miaka 5 yote kwa pamoja. Kote huko wanataka uwe na MD (shahada ya kwanza ya udaktari) na intanshipu, ile kazi ya mafunzo baada ya chuo, umemaliza. Ulizia mapema nani analipa ada, mwajiri au wewe mwenyewe, maana ukiwa rezidenti muda wa kufanya kibarua pembeni hautaupata.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe. Wengi wakiingia mwaka wa kwanza wanawaza thieta (chumba cha upasuaji) tu, wakipangiwa wodi wananuna, na hapo ndo wanajichelewesha. Kisu anapewa anayemjua mgonjwa. Mkiwa mnanawa mikono konsaltanti, yaani daktari bingwa anayekusimamia, atakuuliza kwa nini tunamfungua leo na sio kesho, kiwango cha damu yake ni ngapi, chupa za damu zipo, usiku katoa mkojo kiasi gani, ana pumu? Ukijibu vyote bila kubabaika kuna siku utaona anazunguka anasimama upande wa msaidizi, anakuachia upande wake, hakuna tangazo wala sherehe. Kwa hiyo fika wodini kabla ya raundi, mguse kila mgonjwa tumbo, angalia mrija wa kutolea majimaji umetoa nini na ya rangi gani, fungua kidonda ukione mwenyewe, usisubiri kusomewa na nesi.

Kupanda hatua kwenyewe kuko hivi: unaanza kwa kushika ritrakta (kifaa cha kuvuta kidonda kibaki wazi) na kukata nyuzi, kisha unafunga ngozi, kisha unafungua tumbo, baadaye unafanya ngiri au kidole tumbo mwanzo mwisho bosi akiwa amevaa glavu pembeni yako, mbele zaidi yeye anakaa ndani ya chumba bila kunawa, mwisho anakuwa nyumbani ila simu iko wazi. Usiruke hatua hata ukisifiwa vipi, na usijilinganishe na mwenzako wa darasa moja, watu wa mwaka mmoja wanaweza kuwa hatua tofauti kabisa.

Mikono ifanyie mazoezi nje ya thieta, mgonjwa asiwe mtu wako wa kwanza kujifunzia fundo. Funga uzi kwenye mkono wa droo, fanya kwa kulia, fanya kwa kushoto, vaa glavu uziloweshe, mpaka ufunge huku unaongea na mtu. Ukitaka kujifunza kuunga utumbo nenda machinjioni chukua utumbo wa mbuzi, ukate, uunge, halafu jaza maji ubane uone panapovuja. Logibuku, daftari la kuandika upasuaji ulioshiriki, ijaze siku hiyo hiyo, utenganishe ulizosaidia na ulizofanya mwenyewe. Tasnifu tafuta mada mwaka wa kwanza, basi.

Kitu kingine ambacho nakisisitiza sana ni orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ile ya vipengele 19 inayosomwa kabla ya nusu kaputi, kabla ya kukata na kabla mgonjwa hajatoka. Hii sio makaratasi ya wazungu jamani, hospitali yetu ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali 8 duniani zilizoijaribu, na matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Isome wewe, kwa sauti, na uwaulize nesi na mtu wa usingizi majina yao hata kama mmeshafanya kazi wote asubuhi.

Mwisho ni simu ya usiku, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo wagonjwa wanapotea. Kumuita bosi sio udhaifu, ndio mafunzo yenyewe, ila jifunze kumpigia. Usianze na historia ndefu. Sema: bosi samahani kwa usiku huu, nina kijana wa miaka 30, homa wiki mbili, tumbo limekaza lote, eksirei inaonyesha hewa chini ya kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo), nahisi utumbo umetoboka kwa taifodi, presha 90 kwa 50, mapigo 130, nimempa maji lita 2 na antibayotiki, mpira wa mkojo umewekwa, damu imeombwa, naomba nimpeleke thieta na naomba uje. Kisha nyamaza umsikilize, andika alichosema kwenye faili pamoja na saa. Asipopokea piga tena, asipopokea tena mpigie anayefuata kwenye rota (ratiba ya zamu), na wakati unasubiri usiondoke kitandani kwa mgonjwa.