Kabla ya kutoka kwenda mwambani, Mombasa

Kwanza jua ni msimu gani wa upepo. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba hivi, na bahari huchafuka. Miezi hiyo usipande chombo kidogo kutoka nje ya mwamba wa matumbawe, hata nahodha akikuapia. Kaskazi, Desemba hadi Machi, kuna nafuu, lakini nafuu si ruhusa. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wa siku hiyohiyo, usitegemee wa juzi.

Usidhani vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska peke yao. Ni kweli Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta kimbunga hakipati nguvu ya kujizungusha. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, na sisi wa Kenya tukaonywa juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Mawimbi ya kimbunga hufika hata pale ambapo chenyewe hakifiki.

Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Mtoto apewe la kimo chake.

Maji kupwa na kujaa: hapa nisikilize vizuri. Desemba moja wageni wa jirani yangu, watu wa bara, walitembea kwa miguu kutoka ufuo wa Bamburi hadi kwenye fungu la mchanga. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida, na maji yamepwa kabisa, na watoto walivuka njia nzima bila kulowa magoti. Baadaye mvuvi mmoja mzee akaanza kuwapigia kelele toka ufuoni: "Rudini, wanangu! Maji yaja!" Wakampungia mkono. Mchanga chini ya miguu yao ulikuwa mkavu, kwa nini wamwamini? Walipogeuka, kati yao na ufuo palikuwa na maji ya kifua, na yanakwenda kwa kasi. Yule mzee akasukuma mtumbwi wake na pondo, akawavusha kwa mafungu, watoto kwanza. Bibi yao alikuwa ameshajaribu kuvuka mwenyewe. Alikunywa maji mengi, akalazwa hospitali kwa kifua.

Fungu ni mwinuko. Baina yake na ufuo kuna bonde, na maji yakirudi huingia bondeni kwanza kupitia pembeni, wewe ukiwa umesimama pakavu unapiga picha. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati uleule watu wametoka kunywa chai wanatafuta matembezi. Kujaa huchukua takriban saa sita, lakini si kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yanajivuta tu, ya tatu na ya nne huleta karibu nusu ya maji yote. Kwa hiyo usingoje kuyaona yakipanda. Uliza wavuvi maji yapwa saa ngapi, na ikifika saa hiyo uwe tayari unarudi. Mvuvi akikuita, itika kwa miguu.

Ukichukuliwa na mkondo, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka ukuachie, ndipo urudi. Milango ya mwamba, yaani mapengo yake, ina mikondo mikali zaidi, kaa mbali nayo.

Bahari ikijivuta ghafla nje ya saa zake, kama ilivyoonyesha tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, usiende kuokota samaki. Panda juu, waite na wenzako.

Viatu vya kuvaa majini kwa ajili ya miiba. Simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Pombe baadaye. Radi ikisikika, toka majini. Na watoto, hata kwenye maji ya vifundoni, wawe na mtu mzima mmoja asiyeshika simu.