Kukagua Upinde Mkongwe Kabla ya Kuununua

Upinde wa ncha zilizopinda mbele uliotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, kama vile Bear Kodiak, kwa kawaida ni mbao zilizounganishwa kwa gundi kati ya tabaka za faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi), kwa hiyo anayeununua hapa Kampala aanze kwa kupitisha kidole kandokando ya mikono yote miwili ya upinde (sehemu zinazopinda, juu na chini ya mshiko), akitafuta mahali ambapo gundi imeachia. Mistari midogo juu ya vanishi mara nyingi haina madhara. Ufa unaokatisha mkono ndio wa kuogopwa. Uvishe ugwe (uzi wa upinde) kwa kamba maalumu ya kuvishia, si kwa kuupitisha kati ya miguu, maana ndivyo mikono inavyopindika upande, kisha uangalie kama ugwe unapita katikati ya ncha zote mbili. Ugwe uwe wa dakroni (uzi wa poliesta unaonyumbuka), kwa sababu nyuzi za kisasa zisizonyumbuka huweza kupasua ncha za zamani, na kamwe usiuvute na kuuachia bila mshale. Usiuache ndani ya gari juani, kwani joto hulegeza gundi (wangu huulaza juu ya vigingi viwili ukutani, bila ugwe). Ama kuwinda, hilo huhitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Usipokuwa nacho, lenga gunia lililoshindiliwa matambara.