Unahamia Marekani? Pindua kifaa kwanza

Wadogo zangu mnaohamia Marekani kutoka Dar, kabla ya kufunga sanduku pindueni kila kifaa msome maandishi madogo ya nyuma. Penye 100–240V, 50/60Hz, beba: chaja ya simu, laptopu, kamera. Kule utahitaji adapta tu, soketi zao ni za pini bapa.

Pasi, blenda na birika la 220–240V gawia ndugu. Umeme wa kule ni volti 120, na adapta haibadilishi volti. Birika la wati 2,000 litabaki na wati 500 na kitu. Chai utainywa kesho! Transfoma ya kupandisha volti inayolimudu ni nzito, na kwa bei yake unanunua birika jipya.

Pawabenki iwe kwenye mkoba wa mkononi, si sanduku la kupakia.