Lenzi ya kupigia michezo ya ukumbini penye mwanga hafifu: pima ukumbi kwanza ndo ununue

Kuna dogo mmoja yuko Makambako kaniuliza juzi, ana Canon yake ndogo na lenzi mbili zilizokuja nayo kwenye boksi, ile 18-55 na ile 75-300, kaitwa kupiga pambano la ngumi kwenye ukumbi wa sherehe na picha zote zimetoka giza au zimecheza, sasa anataka auze kamera atafute kubwa zaidi. Nikamwambia mdogo wangu tulia, usiuze kitu, kamera yako haina kosa, kosa liko kwenye tundu la lenzi na hilo linatibika kwa hela kidogo kuliko unavyofikiria. Nimemweleza kwa simu mpaka vocha ikaisha, ndo nikaona bora niandike yote hapa maana wanaouliza ni wengi.

Na mimi yalinikuta. Ilikuwa Mbeya mwezi wa tatu, mvua inapiga kwelikweli, mechi ya wavu ya mabinti kwenye ukumbi wa chuo, saa kumi jioni lakini ndani unaona kama saa moja usiku, taa za tyubu nusu zimekufa. Nimekaa na 75-300 yangu najiona nimeiva. Kuna binti alikuwa anaruka kuzuia mpira pale kwenye nyavu mpaka ukumbi wote unasimama, na alikuwa mwaka wa mwisho, ile ndo ilikuwa mechi yake ya mwisho akiwa na jezi ya chuo. Nimepiga picha zaidi ya mia tatu na hakuna hata moja ambayo mikono yake imetulia, zote ni michirizi. Aliponiomba picha sikuwa na cha kumpa. Iliniuma sana ile, na tokea hapo siendi ukumbini bila kupima kwanza.

Tuanze na kwanini lenzi ya kwenye boksi inashindwa. Angalia mbele ya lenzi yako pameandikwa 1:3.5-5.6, hizo namba ndo apecha, yani ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na namba ikiwa ndogo tundu linakuwa kubwa. Hiyo 3.5 unaipata ukiwa hujazumu kabisa, ukivuta mpaka 55 tundu limeshabanwa mpaka 5.6, na michezoni lazima utavuta. Sasa hatua za tundu zinaenda hivi, kutoka 5.6 kwenda 4, kwenda 2.8, kwenda 2, kwenda 1.4, na kila hatua moja mwanga unaongezeka mara mbili. Kwahiyo lenzi ya 2.8 inaingiza mwanga mara nne ya hiyo 5.6 yako na lenzi ya 1.8 inaingiza karibu mara kumi. Mara kumi! Hakuna bodi ya kamera utakayonunua kwa hela ya kawaida ikakupa faida hiyo.

Sasa kupima. Nenda ukumbini siku moja kabla, au wahi saa moja kabla ya mechi, ila taa ziwe zimewashwa zilezile zitakazotumika na iwe muda unaofanana na wa mechi. Weka kamera kwenye M, yani unapanga kila kitu mwenyewe, ISO 3200 (ISO ni jinsi kamera inavyoukuza mwanga), apecha 5.6, alafu elekeza pale ambapo mchezo wenyewe utakuwepo, kwenye nyavu au chini ya goli la kikapu au katikati ya ulingo, usielekeze dirishani. Piga huku unabadilisha spidi ya shata, yani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, 1/60 ni sehemu moja ya sitini ya sekunde, mpaka sura ya mtu ionekane vizuri. Tuseme umepata 1/60, ambayo kwa kumbi nyingi za huku ndo utakutana nayo. Hapo piga hesabu ya hatua, kwa apecha 4 ungepata 1/125, kwa 2.8 ungepata 1/250, kwa 2 ungepata 1/500, na kwa 1.8 kama 1/600 hivi. Mchezaji anayekimbia na kuruka anatulia kuanzia 1/500, smashi ya wavu na ngumi inayotua zinataka 1/800 au 1/1000 ukiweza. Umeona eeh? Ukumbi wenyewe umeshakwambia kwamba hapa bila 1.8 unasumbuka, hata zumu ya 2.8 ya hela nyingi itakufikisha 1/250 tu na itabidi upandishe ISO mpaka 6400 ndo uifikie hiyo 1/500.

Kama ukumbi umekupa 1/125 au 1/250 kwenye hicho kipimo basi una bahati, 2.8 inatosha na zumu inaingia kwenye mjadala. Ila pima na pembeni pia, maana bwalo la shule lenye mabati ya kupitisha mwanga linaweza kuwa zuri upande mmoja na giza kabisa upande wa jukwaani, na wingu likifunga mwanga wote unashuka hatua mbili ndani ya dakika chache.

Kipimo cha pili ni urefu wa lenzi, yani zile namba za milimita kama 18-55, ikiwa kubwa inavuta karibu zaidi, na hapa watu wengi wanajichanganya na hesabu za kropu na fulu fremu, yani kamera za sensa ndogo na za sensa kubwa, wakati dawa unayo mkononi. Kaa palepale utakapokaa siku ya mechi, mwambie mwenzako asimame kwenye nyavu, vuta 18-55 mpaka 55 uone anajaza kiasi gani cha fremu. Mimi nikikaa mita tatu nyuma ya mstari wa mwisho wa wavu, mpaka kwenye nyavu ni mita 12, sababu uwanja wa wavu una mita 18 kwa 9, na mtu mzima anachukua kama nusu ya urefu wa fremu. Nusu kwa 55 maana yake nikitaka ajae fremu yote nahitaji 110, kwahiyo 85 inamweka vizuri na inaacha nafasi ya mikono na mpira juu, na nikisimamisha kamera wima anaingia mzima hata akiruka. Umepimia kwenye kamera yako mwenyewe kwahiyo hesabu ya kropu imeshaingia humohumo, huna haja ya kuzidisha kwa 1.6 wala 1.5.

Kwa michezo mingine nitakupa nilivyozoea mimi. Ngumi unasimama chini ya ulingo, mabondia wako mita mbili mpaka tano kutoka kwako, hapo 35mm inakupa mwili mzima na 50mm inakupa kuanzia kiunoni kwenda juu ambako ndo kuna ngumi zenyewe na jasho. 85 pale inakuwa ndefu mno, utakata vichwa. Karate na taekwondo vilevile. Kikapu, kaa chini kwenye kona ya mstari wa nyuma, siyo chini ya goli kabisa utaumizwa, hapo 50mm ukiishika wima inamshika mtu anayekuja kufunga, alafu 85 kwa wale wanaorusha kutoka mbali. Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15 kwahiyo upande wa pili sahau, subiri waje kwako. Netiboli nayo 85 kutoka pembeni.

Kwahiyo ukiniuliza ununue nini kwanza na una kamera ya kropu, nitakwambia 50mm f/1.8, hiyo f/ ndo apecha ileile, ya Canon chukua ile STM iliyotoka 2015 usichukue ile ya zamani ya kitako cha plastiki, hiyo ya zamani unaiona bei chee lakini mota yake ya fokasi inapiga kelele na inahangaika kwenye giza. Watu wa Nikon kuweni makini hapa, kuna 50mm f/1.8D na kuna AF-S 50mm f/1.8G. Ile ya D haina mota ndani, inategemea mota ya kwenye bodi, na bodi za D3000 na D5000 na ndugu zake wote, yani D3200, D3500, D5300, D5600, hazina hiyo mota, utavika lenzi na utabaki unazungusha fokasi kwa mkono wakati bondia anadondoka. Nimeshakutana na watu wawili waliouziwa hivyo na muuzaji hakusema kitu. Wewe tafuta maandishi ya AF-S basi.

Ya pili ni 85mm f/1.8, na hii kwangu ndo mke wa ndoa. 85 ya Canon ya USM ilitoka 1992 kwahiyo za mtumba zipo nyingi, otofokasi yake ina spidi kuliko hiyo 50, na siku ambazo hakuna mechi inakupeleka kwenye sendofu na harusi na mahafali na inarudisha hela yake. Hilo ni jambo la kuangalia sana kwa sisi wa huku, michezo peke yake hailipi bado, lenzi inatakiwa ifanye kazi jumamosi harusini na jumapili ukumbini. Yenye 1.4 achana nayo kwa sasa, bei inapaa na unachoongeza ni chini ya hatua moja.

70-200 f/2.8 ni lenzi tamu, sikatai, unazumu mchezaji anapokuja na unakaa sehemu moja, ila ina kilo moja na nusu kasoro kidogo au zaidi na bei yake utanunua 50 na 85 na chenji ya maana inabaki. Kama kipimo chako kimekwambia ukumbi ni wa 1/125, ikope au ikodi kwa mtu uijaribu. 70-200 f/4 kwa ukumbini usidanganywe, hata kama ni L, zile za daraja la juu za Canon, na ni nyeupe. Na muuzaji akikwambia "hii ina IS ndani, haitikisiki", mwambie IS inatuliza mikono yako wewe, mchezaji haimtulizi hata kidogo.

Sasa tundu kubwa lina gharama yake na lazima uijue kabla hujarudisha lenzi dukani ukisema mbovu. Kwa 85 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 6 kina cha fokasi, yani eneo linalotoka kali kwenye picha, ni kama sentimita 34 tu, akiwa mita 4 kinashuka mpaka kama sentimita 15. Yani ukishika fokasi kwenye bega, jicho limeshapotea. Weka AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon, yani fokasi inayomfuata mtu anayesogea, tumia pointi moja ya katikati maana kwa kamera za bei ya chini ndo yenye nguvu kwenye giza, iweke kifuani au usoni na umfuate mtu kabla hajaruka, usisubiri aruke ndo ubonyeze. Utapoteza picha nyingi mwanzoni, ni kawaida, mkono unazoea baada ya mechi tatu nne.

ISO usiiogope. Chengachenga, zile punjepunje zinazoletwa na ISO kubwa, zinasafishika, ila picha iliyocheza haina dawa. Mbaya zaidi ni kupiga kwa ISO ndogo ikatoka giza alafu uivute kwenye kompyuta, hapo chengachenga zinakuja na rangi za ajabu, bora upandishe 6400 palepale itoke na mwanga wake.

Na taa. Umeme wetu ni hezi 50 kwahiyo tyubu na zile LED za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni ila kwa 1/500 kamera inaona, utapiga picha tano mfululizo moja nzuri moja ya njano moja ina giza nusu. Siyo lenzi hiyo. Kamera kama Canon 7D Mark II na 80D zina sehemu ya kuzuia hilo kwenye menyu, iwashe. Kama yako haina, piga mfululizo uchague, na ukipiga waliokaa benchi au wanaopokea kombe shuka mpaka 1/100 tatizo linaisha. Kumbi za sherehe waombe wenye ukumbi wazime zile taa za zambarau zinazozunguka, waeleze kwa adabu kabla pambano halijaanza, mara nyingi wanakubali. Flashi usiwashe mpaka umuulize refa, mtu anapigwa ngumi huku amepofuka siyo haki.

Ukinunua ya mtumba, iwe Kariakoo au kwa mtu wa hapahapa Mwanjelwa, Mbeya, nenda na kamera yako. Mulika tochi ya simu upande mmoja uangalie upande wa pili, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, acha. Vumbi kidogo halina neno. Angalia mabawa ya apecha kama yana mafuta. Alafu weka f/1.8, nenda kona ya duka yenye giza, shika fokasi ya kitu cha karibu na cha mbali mara ishirini, ikisita au ikiwinda huku na huku hata mara chache ujue ulingoni itakuangusha. Usitume hela ili uletewe kwa basi kabla hujaishika.

Kwa watu wa Mbeya, Njombe na Iringa kuna hili la mwezi wa sita na wa saba. Umetembea na bodaboda kwenye baridi lile, lenzi imekuwa ya barafu, ukiingia ukumbini watu wamejaa na joto la pumzi, kioo kinapata ukungu hapohapo na ukifuta unarudi. Usiitoe kwenye begi. Fika mapema, acha begi limefungwa nusu saa au zaidi ndani ya ukumbi lipate joto taratibu, alafu ndo ufungue.